Kila chapati ina pai yake? Jibu kwa mwalimu wa P.6

*"Ninafundisha hisabati P.6 katika shule ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda. Nina watoto 62. Nimesikia kuna Siku ya Pai tarehe 14 Machi, na kwamba kwingine watu hula na kucheza siku hiyo, nikataka na wangu waisherehekee kwa chapati. Nikajaribu kwanza na watoto wachache. Kizibo cha soda: mzingo sentimita 10.2, kipenyo 3, jibu 3.4. Sufuria: 94.5 kwa 30, jibu 3.15. Chapati: 63 kwa 22, jibu 2.86. Mtoto mmoja akauliza kama kila kitu kina pai yake, nikakosa la kumwambia, kwa sababu kitabu kinasema pai ni 22/7. Mwalimu mkuu naye anasema hiyo ni sikukuu ya Wamarekani na kwamba kwetu tarehe hiyo wala haisomeki 3.14. Niendelee au niache? Na nikiendelea, nitafanyaje majibu yatoke sawa?"*

Pole na kazi, mwalimu mwenzangu. Endelea. Namba zako nimezirudia mara kadhaa, na sioni jaribio lililoharibika. Naona vipimo vitatu vya kweli, kila kimoja kikisema jambo kuhusu kitu kilichopimwa, na mtoto aliyeuliza swali zuri kuliko yote yaliyomo kwenye kitabu chake. Unachohofia ni kwamba siku ya sherehe watapima 62, yatoke majibu 62, halafu watoto waondoke wakiamini kwamba hisabati ni porojo. Hofu hiyo inatatulika, ila si kwa kuyalazimisha majibu yafanane.

Tuanze na mtoto. Mwambie hapana, duara zote zina pai moja, yaani mzingo ukigawanywa kwa kipenyo, kisha mwonyeshe sababu. Chora duara kwenye karatasi, lipige picha kwa simu, halafu lipanue kwa vidole. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, mzingo nao umeongezeka mara mbili, maana picha nzima imekua kwa pamoja. Ukigawanya mzingo kwa kipenyo unarudi pale pale. Duara la shilingi na duara la tangi la maji ni picha moja iliyokuzwa. Mistatili haina tabia hiyo: mlango ni mwembamba mrefu, daftari ni pana kidogo, na huwezi kumkuza mmoja akawa mwenzake. Duara halina mwembamba wala mnene.

Baada ya hapo watoto wanaweza kujua pai iko wapi kabla ya kushika uzi. Wape bikari wachore duara, kisha bila kubadili upana wa bikari wapige hatua kuzunguka ukingo. Zitatoka hatua sita kamili. Kila hatua ni sawa na nusukipenyo, kwa hiyo hatua sita ni vipenyo vitatu. Lakini hatua hizo zimekata njia ya mkato, zimepita ndani ya duara kwa mistari iliyonyooka, na anayefuata ukingo anatembea zaidi. Basi pai lazima izidi 3. Halafu wafunge duara hilo ndani ya mraba unaoligusa pande zote nne. Kuuzunguka mraba ni vipenyo vinne, na duara liko ndani yake. Basi pai haifiki 4. Mtoto wa P.6 akishayaona haya mawili kwa macho yake, ana kitu cha kupimia vipimo vyake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye chapati yako ya 2.86. Iko chini ya 3, na duara haliwezi kutoa jibu lililo chini ya 3. Kama uzi na rula havikukosea, basi kilichopimwa hakikuwa duara. Nadhani ilikuwa na umbo la yai, na mkono wako ukachukua upana pale ulipokuwa mkubwa zaidi. Nimepiga hesabu: umbo la yai lenye urefu wa sentimita 22 na upana wa 18 lina mzingo wa karibu sana na 63, yaani ule ule ulioupata. Ungeipima kwa ule upande mwembamba ungepata 63 kwa 18, ambayo ni 3.5, na pengine ungenishangaa zaidi. Chukua wastani wa pande mbili, 20, ugawanye 63 kwa 20: 3.15. Chapati ile ilikuwa na jibu lako tangu mwanzo, ila ilitaka kupimwa mara mbili au tatu kwa pande tofauti.

Kizibo kina shida mbili. Ya kwanza ni meno yake. Kizibo cha soda kina meno 21, na uzi ukibanwa vizuri unaingia na kutoka kati ya meno hayo, ukawa mrefu kuliko ukingo wenyewe. Ya pili ni udogo. Kwenye kitu cha sentimita 3, kukosea milimita moja ya kipenyo kunalisogeza jibu kwa takribani 0.1. Kosa hilo hilo la milimita moja kwenye sufuria ya sentimita 30 linalisogeza kwa 0.01 tu. Ndiyo maana sufuria imekupa 3.15: ni kubwa, mdomo wake umenyooka vizuri, na mzingo ulitakiwa uwe kama 94.2, kwa hiyo uzi wako ulilegea milimita tatu tu. Mkono wako ni mzuri, mwalimu. Vizibo viache nje ya sherehe. Tafuteni ndoo, beseni, sinia na vifuniko vya masufuria makubwa.

Kuhusu kuyafanya majibu yatoke sawa, naomba unisikilize hapa, maana ndipo moyo wangu ulipo. Nikiwa mwanafunzi tulipima mkebe, nikapata 3.2. Mwalimu akalipiga mstari mwekundu jibu langu. Mwenzangu aliyekaa pembeni hakupima kitu, aliandika 3.14, akapigiwa vema. Siku ile nilijifunza kubuni vipimo, na ilinichukua miaka kuacha. Usiwape watoto wako somo hilo. Waambie waandike wanachokiona, yaandikeni majibu ya vikundi vyote ubaoni, la 3.05 na la 3.3 pia, kisha mchukue wastani. Makosa ya kuzidisha na ya kupunguza yatapunguziana, na wastani wa vikundi kumi mara nyingi utakuwa karibu na 3.14 kuliko vikundi vingi kimoja kimoja. Halafu kila kikundi kieleze kwa nini jibu lake lilikwenda juu au chini. Kuna kosa moja ambalo wastani hauliondoi: kipenyo kisichopita katikati. Hicho daima ni kifupi mno, na daima kinapandisha jibu. Dawa yake ni kuisogeza rula huku na huku na kuchukua umbali mkubwa kuliko wote. Mtaona kwamba kwa chapati yenye umbo la yai dawa hiyo hiyo ndiyo iliyokuangusha, kwa hiyo kwanza hakikisheni kitu ni duara.

Sasa 22/7. Kitabu hakikukudanganya kwa nia mbaya, lakini 22/7 si pai. Ni jirani yake. 22/7 ni 3.142857, na kutoka hapo tarakimu hizo sita zinajirudia milele. Pai ni 3.14159265 na kuendelea, bila kujirudia. Archimedes wa Sirakusa, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ndiye aliyethibitisha kwamba pai ni ndogo kuliko 3 na 1/7 na kubwa kuliko 3 na 10/71. Alifanya ile kazi ya hatua sita niliyokueleza, akaendelea kuzigawa pande hadi zikafika 96, ndani na nje ya duara. Kwake 22/7 ulikuwa ukuta ambao pai haiufikii. Na katika miaka ya 1760 Johann Heinrich Lambert alithibitisha kwamba hakuna sehemu yoyote ya namba kamili mbili inayoweza kuwa pai yenyewe, hata ukitafuta maisha yako yote.

Je, tofauti hiyo ina uzito? Kwa chapati ya sentimita 20, 22/7 inakosea robo ya milimita. Uzi wa mtoto hauwezi kuiona. Lakini chukua safari ya Masaka, simama pale Kayabwe ambapo wasafiri hupiga picha kwenye duara la saruji la mstari wa ikweta. Kipenyo cha dunia pale kwenye ikweta ni kama kilomita 12,756. Ukizidisha kwa 22/7, ikweta yako itakuwa ndefu kuliko ya kweli kwa kilomita 16. Kwa mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, wafundishe kufuata swali linachosema. Lisipotaja, nusukipenyo cha 7, 14 au 21 kinaita 22/7 kwa sababu hesabu inakatika vizuri, na nusukipenyo cha 10 kinaita 3.14. Wasiandike tu kwamba pai "ni sawa na" 22/7. Waandike "karibu sawa na".

Mwalimu mkuu ana haki kuhusu tarehe. Wamarekani huanza na mwezi, ndiyo maana 14 Machi kwao ni 3/14. Sherehe yenyewe ilianzishwa mwaka 1988 na Larry Shaw kwenye jumba la sayansi la Exploratorium, San Francisco. Walizunguka kwa maandamano kisha wakala pai za matunda, kwa kuwa kwa Kiingereza jina la namba na jina la kitafunwa hicho hutamkwa sawasawa. Sisi utani huo hautubani, na chapati ni duara kuliko pai nyingi. Lakini kuna mambo mawili mwalimu mkuu huenda hayajamfikia. Mwaka 2019 UNESCO iliitangaza 14 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati, na ilianza kuadhimishwa mwaka 2020, kwa hiyo tarehe hiyo si ya Marekani peke yake tena. Na kama bado anasita, ipo 22 Julai: kwa mpangilio wetu wa siku kwanza inaandikwa 22/7, sehemu ile ile watoto wanayoijua kitabuni. Mimi ningefanya zote mbili, Machi ya kupima na Julai ya kula zaidi. Ukilazimika kuchagua, chagua Julai kwa P.6, maana watoto wenyewe wataigundua tarehe wakiiandika ubaoni.

Kuna jambo jingine ningemwambia. Maji ya Mto Naili yanayotoka Jinja huishia Misri, na kule Misri, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, mwandishi aitwaye Ahmes alinakili hesabu kwenye mafunjo. Humo mna njia ya kupata eneo la shamba la duara: punguza moja ya tisa ya kipenyo, kinachobaki kizidishe kwa chenyewe. Jaribuni kwa chapati ya sentimita 18. Moja ya tisa ni 2, inabaki 16, mara 16 ni 256. Kwa pai ya leo ni 254.5. Watu wa mto huu huu walikaribia kiasi hicho bila rula zetu wala kikokotoo. Nadhani mwalimu mkuu atapenda kuwaambia watoto hilo yeye mwenyewe siku ya sherehe, ukimwomba.

Michezo sasa. Ulio bora kwangu ni wa baiskeli. Pigeni alama ya chaki kwenye tairi na chini yake ardhini, isukumeni wima kwa mstari ulionyooka mpaka alama igonge chini mara kumi, pimeni umbali wote na mgawanye kwa kumi. Kukosea pa kuanzia na pa kuishia nako kunagawanywa kwa kumi, na hapo ndipo uzuri wake. Gurudumu la sentimita 66 litakwenda kama mita 20.7. Asipande mtu, kwa sababu uzito unalibonyeza tairi na gurudumu linakuwa kama limepungua.

Wa pili ni wa sokoni. Waulize: kwa pesa ile ile, mtachukua chapati moja ya sentimita 24 au mbili za sentimita 16? Karibu wote watapiga kelele "mbili!" Kisha kateni chapati moja vipande 16 kama vya keki, vipangeni kimoja juu kimoja chini mpaka vifanane na mstatili. Urefu wake ni nusu ya mzingo, kimo chake ni nusukipenyo, na hapo mmeona kwa nini eneo ni pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo. Rudini kwenye swali: 12 mara 12 ni 144. 8 mara 8 ni 64, na mbili ni 128. Moja kubwa imeshinda. Mtoto mwerevu atakwambia inategemea unene, na atakuwa sahihi kabisa; donge lile lile likisukumwa zaidi linapanuka tu, chakula hakiongezeki. Mpe kipande cha kwanza.

Shindano la kukariri tarakimu linapendwa sana, na sitakukataza. Kijana wa India, Rajveer Meena, alikariri tarakimu 70,000 mwaka 2015. Ila kukariri hakufundishi duara ni nini, na watoto wenye kumbukumbu nzito watakaa pembeni. Ukilitaka, lipe dakika kumi. Ningependelea wabuni sentensi. Wanaoandika Kiingereza huhesabu herufi za kila neno, lakini Kiswahili kina maneno machache mno ya herufi moja, kwa hiyo tuhesabu silabi: "Chapati ya asubuhi ndo itatushibisha." Tatu, moja, nne, moja, sita. Hiyo ni 3.1416, pai iliyokadiriwa kwa desimali nne. Wakiigundua siri yake watabuni zao mpaka kengele ilie.

Upo pia mchezo wa kurusha maharage 100 kwenye mraba wenye duara ndani yake na kuhesabu yaliyoangukia ndani ya duara. Hutarajiwa kama 78, na sehemu hiyo ukiizidisha kwa 4 unapata pai. Lakini 74 au 82 ni kawaida, na maharage hudunda na kubingirika. Uwaachie wa sekondari.

Kwa upande wa kupika, chapati kumi zinatosha: kila moja kwa watoto sita au saba, zipimwe kabla ya kuliwa, juu ya jani la ndizi lililooshwa. Umbo la yai linatokana na kusukuma upande mmoja tu. Acha madonge yapumzike nusu saa yakiwa yamefunikwa, maana unga ukikandwa unakuwa na mvuto na hurudi ulikotoka. Kisha kila unaposukuma mara mbili, geuza robo mzunguko. Jirani anayekaanga rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, barabarani atakuonyesha kwa mkono haraka kuliko ninavyoweza kuandika, mwombe. Sigiri na mafuta ya moto vikae mbali na watoto 62. Wapike watu wazima, watoto wapokee zilizopoa. Waulize wazazi mapema kama kuna mtoto anayedhurika na ngano, maziwa au mayai. Mtoto akivimba midomo au kuhema kwa shida baada ya kula, mkimbizeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, msisubiri.

Yapo mambo ambayo barua haiyatatui. Ukiona mtoto anaisogeza rula karibu na pua, au anasoma milimita vibaya kila mara huku hesabu zake ni nzuri, mzazi wake ampeleke kupimwa macho. Na kama nusu ya darasa haiwezi kugawanya 63 kwa 20, tatizo si pai. Kaa na mwalimu wa P.5, au mwite mwalimu wa hisabati wa sekondari iliyo karibu aje aone madaftari yao, mpange wiki mbili za desimali kabla ya sherehe.

Wiki hii, kabla ya yote hayo, sukuma chapati moja nyumbani, uende nayo shuleni, umwite yule mtoto ashike uzi. Apime kipenyo cha kwanza, aigeuze robo mzunguko, apime tena, kisha umwache akwambie yeye kama kila chapati ina pai yake.